Ndoo ya Bomba la Jirani

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Chiriku alimsaidia mama yake kumgeuza babu. Mama alishika mabega, Chiriku akashika miguu, mama akahesabu, "Moja, mbili, haya!" na mzee akalala upande wa pili akiutazama ukuta. Kisha shuka lililolowa lilivutwa kutoka chini yake na jingine kavu likatandikwa. Chini ya shuka palikuwa na nailoni, na chini ya nailoni godoro. Nailoni ilifutwa kwa kitambaa chenye dawa, lakini harufu ya mkojo haikuondoka yote. Ilikuwa imehamia kwenye kuta.

Babu alipatwa na kiharusi mwaka uliopita. Nusu ya mwili wake ililala, na ulimi ukalala nayo. Neno lililombakia lilikuwa moja tu, "Ee," na neno hilo lilifanya kazi zote: njaa ilikuwa ee, kiu ilikuwa ee, na asante nayo ee. Chiriku, binti wa miaka kumi na miwili, mwembamba kama ufito, aliongea kwa niaba ya wote wawili. Ndiyo maana nyumbani walimpa jina la ndege yule asiyenyamaza.

Mashuka ya babu yalikuwa matano. Kila siku yalichafuka mawili, na siku mbaya matatu. Mama aliyafua kwa mikono katika beseni la bati nyuma ya nyumba, kisha akaingia chumba cha mbele kwenye cherehani yake, kwani yeye alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Jumamosi na Jumapili Chiriku alifua yeye, lakini kukamua shuka zito hakuweza. Lilimshinda nguvu na kumlowesha kifua.

Mama alikuwa na kisukari. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imepasuka katikati ya vidole, mipasuko myekundu isiyofunga. Aliwahi kuvaa glavu za mpira, zikatoboka, maji yakaingia na kukaa humo humo, mikono ikazidi kuharibika. Muuguzi wa zahanati aliigeuzageuza mikono ile, akatikisa kichwa.

"Mama, mikono hii isiingie tena kwenye maji ya sabuni. Kidonda chako hakifungi upesi kama cha mtu mwingine. Ukifanya mchezo utapoteza kidole."

"Sasa nifue kwa miguu?" mama akacheka.

Muuguzi hakucheka.

Habari hizo zilimfikia mjomba, mdogo wake mama, dereva wa lori aliyekuwa safarini miezi na miezi. Akapiga simu. "Dada, nitakununulia mashine ya kufulia. Lakini ni moja, na ni mara moja. Chagueni vizuri. Ikija isiyofaa, msinililie mimi."

Jumamosi hiyo mama na Chiriku walikwenda dukani. Mashine zilipangwa mstari mmoja, nyeupe, kama meno. Fundi wa duka lile, mzee mfupi ambaye watu walimwita Spana, aliwapeleka mbele ya mbili.

"Hii mlango wake uko juu," alisema akifunua kifuniko. "Unasimama wima, unatumbukiza nguo, mgongo hauumii. Ukikumbuka soksi katikati ya kazi unafunua unaitia. Bomba likigoma unamimina maji kwa ndoo. Ubaya wake, inakunywa maji mengi, na hii hapa haichemshi."

Akasogea kwenye ya pili. Ilikuwa na mlango mbele, wa kioo cha duara. Chiriku aliinama akajiona humo, uso umepanuka kama chungu.

"Hii ya mlango wa mbele inatumia maji kidogo, inayachemsha yenyewe, na harufu ya mgonjwa inaitoa vizuri sana. Lakini ina maringo. Maji iyavute yenyewe kwenye bomba, na yawe na nguvu. Ikianza kazi inajifunga, hufungui mpaka imalize. Hiyo huwezi kuibembeleza kwa ndoo."

"Sasa kwetu ipi inafaa, fundi?" mama akauliza.

"Mimi sijui bomba lenu. Kiatu hununui kwa mguu wa jirani, mama." Spana akamgeukia Chiriku. "Wewe mwanafunzi unajua saa? Chukua ndoo ya lita kumi. Siku saba, asubuhi na jioni, ikinge chini ya bomba lenu, uangalie inajaa kwa dakika ngapi. Andika. Ikijaa kabla ya dakika mbili, chukueni hii ya kioo. Ikizidi, chukueni ya juu. Hiyo ndiyo hukumu."

Njiani mama alisema, "Kazi hiyo nimekuachia wewe. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Jumatatu darasani, msichana mmoja aliyejulikana kwa jina la Madoido, kwa kupenda kwake kujipamba, alivuta pumzi puani na kuitoa kwa nguvu. "Jamani, Chiriku leo kaja na kitanda cha babu yake!" Wanafunzi wa madawati ya nyuma wakaziba pua. Chiriku, mwenye maneno ya kila kitu, aliinamisha uso. Alinusa mkono wa sweta lake. Ilikuwa kweli.

Wakati wa mapumziko alimweleza Madoido kwamba wao pia watanunua mashine.

"Ya kioo au ya juu?"

"Bado hatujachagua."

"Sisi kwetu ya kioo. Inachemsha! Ile ya juu si mashine, ni pipa lililotiwa umeme."

Jioni Chiriku aliweka ndoo chini ya bomba la nyumbani, akakaa juu ya tofali na saa ya babu mkononi. Maji yalitoka membamba kama uzi wa cherehani. Dakika tano zikapita, ndoo haijafika nusu. Ilijaa baada ya dakika kumi na moja. Akaandika kwenye daftari: *Jumatatu jioni, dakika 11.* Aliitazama tarakimu ile kwa muda mrefu. Kwake ilikuwa ni pipa lenye umeme, na pua zilizozibwa mpaka amalize shule.

Akauchana ukurasa ule, akaukunja mara nne, akautia ndani ya mkebe wa kalamu.

Kesho yake alibeba ndoo hadi nyumbani kwa Madoido, nyumba ya tatu kutoka kwao. Pale palikuwa na tangi kubwa juu ya paa, na bomba lilipofunguliwa maji yalipiga ndoo kwa kishindo. Dakika moja na sekunde kumi.

"Unapima nini, mwanangu?" mama yake Madoido aliuliza kutoka jikoni.

"Hesabu za shule, mama."

"Hodari wewe."

Alikwenda siku zote zilizobaki, asubuhi na jioni. Hakubuni hata tarakimu moja. Siku nyingine iliandikwa dakika moja na sekunde tano, siku nyingine moja na ishirini. Tarakimu zote zilikuwa za kweli. Bomba ndilo lililokuwa la uongo. Naye alijiambia kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya mama, mashuka yachemke, harufu itoke. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu nzuri.

Mama alilisoma daftari, akashangaa kidogo. "Kumbe bomba letu lina nguvu hivi? Mimi naliona kama linalia tu."

"Labda unakinga wakati watu wengi wanakinga, mama."

Mama alimwamini. Akampigia simu mjomba, na siku ya nane mashine ya kioo ikafika.

Siku hiyo mtaa mzima haukuwa na maji. Spana alifungua bomba, likakohoa hewa. Akakuna kichwa. "Nilitaka kulipima mwenyewe. Lakini daftari lipo, na limeandikwa vizuri, asubuhi na jioni. Mwanafunzi kama huyu ningepata wawili ningefungua ofisi." Akafunga mpira wa maji, akasawazisha miguu ya mashine, akaeleza sabuni ya kutia, akaonya mlango usilazimishwe kamwe. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni akijikuna kisigino kwa kidole cha mguu mwingine.

Maji yalirudi Jumatano asubuhi. Mama akaingiza mashuka manne kwa pamoja, yote machafu, akatia sabuni, akabonyeza. Kitasa kikalia *ta!* Mlango ukajifunga. Chiriku alichuchumaa mbele ya kioo. Maji kidogo yakatiririka, yakakatika. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikangoja. Taa nyekundu ikaanza kumeta. Alipokwenda shule ilikuwa ikimeta. Aliporudi ilikuwa ikimeta. Ndani ya kioo mashuka manne yalikuwa yamelala katika maji machache ya rangi ya chai.

Mama alimpigia Spana.

"Maji si yapo?" Spana aliuliza kwenye simu.

"Yapo, yanatoka."

"Na daftari linasema yana nguvu. Basi itakuwa kifaa cha ndani. Niko mbali kikazi, nitakuja Jumatatu. Usiulazimishe mlango, mama, utavunja kitasa."

Hapo ndipo Chiriku angesema. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia sauti ya Spana. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: *Mama, nilipima kwa jirani.* Akafungua mdomo, akasema, "Mama, nikuletee chai?"

Babu alibaki na shuka moja. Lilichafuka asubuhi, likafuliwa papo hapo, likaanikwa, na kabla halijakauka mzee alilazwa juu ya nailoni tupu na khanga mbili kuukuu. Nailoni inashika ngozi. Siku ya pili kiunoni pake palikuwa pekundu, siku ya tatu pamechubuka. "Ee," alisema walipomgeuza, na ee hiyo haikuwa asante.

Kwa haraka ya kulitoa doa na harufu, mama alizidisha dawa ya madoa kwenye maji. Mikono ikarudi kwenye beseni, kutwa mara mbili, mara tatu. Ijumaa jioni alifunga kitambaa kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Jumamosi Chiriku alifua yeye, lakini shuka lilihitaji kukamuliwa, na mama akalikamua. Jumapili kitambaa kilikuwa na majimaji ya manjano, na mama alishona akiwa amekunja kidole kile pembeni, kama mtu anayeshika kitu kisichoonekana.

"Mama, twende zahanati."

"Nimalizie sare hizi kwanza. Kesho."

Kesho ilipofika hakuweza kuamka. Mwili ulikuwa moto, na mstari mwekundu ulipanda kutoka kidoleni hadi kwenye kiwiko. Chiriku alikimbia bila viatu hadi kwa mama yake Madoido. Wakamchukua mgonjwa kwa gari la jirani mwingine hadi hospitali. Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, aliuliza maswali mawili tu, kisha akamwita mwenzake. Chiriku alisikia wakisemezana mlangoni: "Angekuja siku tatu zilizopita tungekiokoa."

Kidole kilikatwa mchana huo, juu kidogo ya shina.

Siku hiyo hiyo alasiri Spana alifika na mkoba wake. Mama yake Madoido alikuwa chumbani kwa babu akimlisha uji. Spana alifungua bomba, akasikiliza, akakunja uso. Hakuigusa mashine. Alichukua ndoo ya lita kumi, akaikinga, akavua saa yake akaiweka juu ya tofali. Wakakaa, yeye na Chiriku, wakiutazama uzi ule wa maji. Hujawahi kuziona dakika kumi na moja zilivyo ndefu mpaka ukae hivyo na mtu unayemdanganya.

Ndoo ilipojaa, Spana alifungua daftari. "Bomba hili na daftari hili havijawahi kukutana," alisema taratibu. "Nieleze, mjukuu wangu."

Jibu jingine la uongo lilikuwa tayari mdomoni: *maji yamepungua siku hizi.* Lingepita. Maji hupungua kila siku, nani angebisha? Chiriku aliyatazama mashuka nyuma ya kioo, yameanza kuota madoa meusi. Kutoka chumbani babu alisema, "Ee."

"Nilipima kwa kina Madoido," Chiriku akasema. "Siku zote. Nilitaka ile ya kioo."

Spana akamimina ile ndoo kwenye pipa la maji, polepole, asimwage hata tone. "Na mimi nina kosa langu. Nilikuta bomba kavu, ilinipasa nirudi nipime mwenyewe. Nilisifu mwandiko nikasahau maji. Lakini mimi si wa kuambiwa hayo uliyoniambia. Mwenye kuambiwa yuko hospitali."

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili na harufu ya dawa. Mkono wa mama ulikuwa umefungwa bendeji kubwa, umelazwa juu ya mto kama mtoto wa mtu mwingine. Chiriku hakukaa. Alifungua mkebe wa kalamu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka kwenye mkono mzima wa mama.

Mama aliifungua kwa shida, kwa kidole gumba. *Jumatatu jioni, dakika 11.* Akaisoma. Akausoma na uso wa binti yake.

"Zile nyingine ulipima wapi?"

"Kwa jirani, mama. Kwa kina Madoido."

"Na Jumatano, niliponyanyua simu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mama aligeukia dirishani. Machozi yalimtoka bila sauti, yakaingia sikioni. Chiriku alisubiri kugombezwa, alitamani kugombezwa. Mwanamke wa kitanda cha pili akajifanya amelala.

"Nenda nyumbani," mama alisema mwishowe. "Babu hajageuzwa. Kisha kesho asubuhi chukua ndoo, upime siku saba, bomba letu. Ukimaliza, utampigia mjomba wako wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, umsomee zile za kwanza na hizi."

Alipima. Kumi na moja. Kumi na mbili. Siku mbili maji hayakutoka kabisa, akaandika sifuri. Kila alfajiri mama yake Madoido alikuja kumgeuza babu pamoja naye, na Madoido mwenyewe alifuata nyuma bila kuambiwa, akabeba lile shuka moja na khanga kwenda kuvifua kwao. Siku ya kwanza aliziba pua. Siku ya tatu aliacha. "Kumbe mnafanya hivi kila siku?" aliuliza.

"Kila siku."

Madoido hakusema tena habari ya kitanda.

Mjomba alisikiliza tarakimu zote kwenye simu bila kukatiza. Kisha akasema, "Ahsante kwa kuniambia mwenyewe," akakata. Chiriku aliyaona maneno hayo mazito kuliko kofi.

Spana aliufungua mlango wa mashine kwa ufundi wake, akatoa mashuka manne yaliyooza na kunuka. Mawili yalitupwa. Akazungumza na mwenye duka, na kwa kuwa alikiri kosa lake mwenyewe la kutopima, mashine ya kioo ilirudishwa, ikaletwa ya mlango wa juu iliyokuwa imebonyea ubavuni. Aliiweka karibu na pipa. Chiriku akamimina maji, ndoo moja, ya pili, ya tatu, mpaka yakafika kwenye alama. Ikaanza kuzunguka. Haikuwa na kioo. Hapakuwa na cha kutazama. Baada ya muda mashuka yalitoka yamekamuliwa, mepesi, safi. Kwa kuwa mashine hii haichemshi, waliyaanika kwenye jua kali mpaka yakakauka kabisa, na harufu ikapungua.

Jioni ile babu alilazwa juu ya shuka kavu. Kidonda cha kiunoni kilikuwa kinaanza kupona. "Ee," alisema, na safari hii walielewa.

Mama, aliyerudi kutoka hospitali siku hiyo, alikaa kwenye cherehani kwa mara ya kwanza tangu augue. Chiriku alisimama kando yake.

"Mama, nisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile ulipoitoa karatasi. Lakini sikiliza, kwa maana kusamehewa si kurudishiwa. Kidole hakitaota tena. Wewe ulidhani ni uongo mdogo, wa ndoo ya maji, haumdhuru mtu. Uongo hauna macho, mwanangu. Ukishautoa mdomoni unatembea kwa kupapasa, na unayemkamata mara nyingi si yule aliyeusema. Na kila siku uliyonyamaza uliuongezea njia. Ungesema Jumatano, ningekuwa na vidole kumi. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Hata kama utapigwa. Hata kama utachekwa."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali.

Mama alichukua uzi, akaujaribu kwenye tundu la sindano ya cherehani kwa kidole cha kati. Ukapita kando. Akajaribu tena, ukapita kando. Akaweka mkono wake magotini, akautazama.

"Nitungie," akasema.

Chiriku akailowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akainama, akautunga. Tangu siku hiyo asubuhi zake zilikuwa na kazi mbili kabla ya shule: kumgeuza babu, kisha kumtungia mama uzi.